Dawa za protini: Sindano ni moja, njia za kuingia mwilini ni mbili

WAKATI wa palizi katika eneo la Mkwaja, pwani ya kusini ya Wilaya ya Pangani mkoani Tanga, hatari haiko mbali na jembe. Mashamba yanapakana na vichaka, vichaka vinapakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na moma, ambaye wengine humwita kifutu, ana tabia ya kulala palepale alipo hata akisikia hatua za mtu.

Mtu anapoumwa, ndugu huuliza kwanza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo na inapatikana wapi. Swali la pili, dawa hiyo itachomwa sehemu gani ya mwili, huachiwa tabibu. Hata hivyo, jibu la swali hilo la pili ndilo linaloamua kama dawa itafika inakohitajika ndani ya dakika chache au baada ya siku nzima na zaidi.

Katika kijiji hichohicho anaweza kuwapo mgonjwa wa kisukari anayejichoma insulini tumboni kila asubuhi na jioni, chini ya ngozi tu, na akaishi kwa miaka mingi akiendelea na shughuli zake. Insulini ni protini. Dawa ya sumu ya nyoka nayo ni protini. Moja hufanya kazi vizuri ikiachwa chini ya ngozi, nyingine ikiachwa hapo huchelewa mno kumfaa mgonjwa.

Tofauti hiyo haitokani na ubora wa dawa wala ustadi wa mchomaji. Inatokana zaidi na ukubwa wa chembe za protini yenyewe, na aina ya mishipa inayoipokea baada ya sindano kuchomolewa.

Kwanza ieleweke kwa nini dawa hizi hazimezwi. Tumbo la mwanadamu halitofautishi kati ya insulini na kipande cha changu. Vyote ni protini, na vyote hukatwakatwa na tindikali na vimeng'enya hadi kubaki vipande vidogo visivyo na kazi ya awali. Ndiyo maana tangu insulini ilipogunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921, na kuanza kutumika kwa mgonjwa wa kwanza Januari 1922, sindano imebaki kuwa njia kuu ya kuitumia.

Mlango wa damu na mlango wa limfu

Sindano ya chini ya ngozi haiachi dawa ndani ya damu. Huiacha katika tabaka la mafuta na nyuzi lililo kati ya ngozi na msuli. Nafasi zilizo kati ya chembechembe za tabaka hilo hazina maji matupu kama yaliyomo ndani ya chupa, bali zimejaa utando mzito unaofanana na uteute, uliosukwa kwa nyuzi za kolajeni na asidi ya haialuroni. Dawa lazima ipenye humo kwanza kabla ya kukuta mshipa wowote.

Mishipa inayokutwa hapo ni ya aina mbili. Ya kwanza ni kapilari za damu, vijishipa vyembamba kuliko unywele, ambavyo kuta zake zina upenyo mdogo sana. Damu hupita humo kwa kasi na kwa wingi, hivyo chochote kinachoweza kupenya ukuta huo huchukuliwa mara moja na kusambazwa mwili mzima.

Ya pili ni mishipa ya limfu. Limfu ni majimaji mepesi yanayovuja kutoka kwenye damu, yakalowesha nyama za mwili, kisha yakakusanywa na kurudishwa. Mtu aliyepata mchubuko mwepesi ameona majimaji yanayofanana nayo, yale yanayochuruzika baada ya damu kukoma. Kila siku lita kadhaa hukusanywa kwa njia hiyo, hupitia katika tezi, na mwishowe humwagwa katika mshipa mkubwa wa damu ulio chini ya shingo, kwa sehemu kubwa upande wa kushoto.

Ncha za mishipa ya limfu zimeumbwa kwa namna ambayo mvuvi wa Mkwaja ataielewa bila kuchorewa picha. Chembe za ukuta wake zimepishana kama vipande vya mlango vinavyofunguka kwa ndani tu. Majimaji yakiongezeka nje, milango hufunguka, yakaingia pamoja na vilivyomo, yakishaingia hayarudi. Ni dema. Samaki huingia kwa urahisi, na mdomo wa dema haumruhusu kutoka.

Tofauti ni kwamba mdomo wa mshipa wa limfu ni mpana kiasi cha kupokea protini kubwa ambazo kapilari ya damu huzikataa. Kasoro yake ni mwendo. Limfu haina moyo wa kuisukuma. Husogea kwa kubanwa na misuli inayofanya kazi, kwa pumzi, na kwa mkazo wa kuta zake wenyewe, huku vali ndogo zikizuia isirudi nyuma. Damu inayopita katika sehemu yoyote ya mwili kwa dakika moja huweza kuwa mara 100 hadi 500 ya limfu inayotoka sehemu hiyo kwa muda huohuo.

Kwa hiyo protini ndogo hupata usafiri wa haraka, na protini kubwa hungoja chombo kinachokwenda polepole lakini chenye nafasi.

Kipimo kinachotajwa zaidi katika elimu hii kilifanywa kwa kondoo na kuchapishwa mwaka 1990 na Andreas Supersaxo na wenzake. Waliwachoma kondoo chini ya ngozi ya mguu vitu vinne vya uzito tofauti, kisha wakakusanya limfu iliyotoka mguuni humo. Kitu chepesi kuliko vyote kilipatikana kwenye limfu kwa takriban asilimia 4 tu ya dozi. Kilichobaki kiliingia kwenye damu moja kwa moja. Kizito kuliko vyote, protini iitwayo intaferoni yenye uzito wa daltoni 19,000, kilipatikana kwenye limfu kwa takriban asilimia 60. Daltoni ni kipimo wanachotumia wanakemia kwa uzito wa molekuli. Insulini ina takriban 5,800, na kingamwili kamili ina takriban 150,000.

Isidhaniwe kuwa suala hilo lilifungwa hapo. Mwaka 2007 watafiti wengine waliwapima panya na kukuta kwamba mchango wa limfu haukufika hata asilimia 3 kwa protini walizozichunguza. Ngozi ya panya si ya kondoo, na ya kondoo si ya binadamu. Kinachokubaliwa kwa upana ni mwelekeo: kadiri protini inavyokuwa kubwa, ndivyo inavyochelewa kufika kwenye damu, na ndivyo limfu inavyozidi kuwa njia yake.

Pwani inaijua limfu kwa maradhi

Neno limfu ni geni masikioni mwa wengi, lakini hakuna mkoa unaoijua kazi ya mishipa hiyo kwa uchungu kuliko mikoa ya pwani. Matende na mabusha ni maradhi ya mishipa ya limfu. Minyoo myembamba iitwayo Wuchereria bancrofti, inayoenezwa na mbu, hufanya makazi ndani ya mishipa hiyo kwa miaka kadhaa, ikaitanua na kuziharibu vali zake. Majimaji yanayopaswa kupanda hubaki chini, na mguu huvimba hadi ngozi ikawa ngumu kama gome.

Wilaya ya Pangani imo katika historia ya utafiti wa maradhi hayo. Kijiji cha Masaika kilichunguzwa kwa kina na watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) pamoja na wenzao wa Denmark na Kenya. Mpango wa taifa wa kugawa dawa kwa watu wote ulianzia kisiwani Mafia mwaka 2000, na mkoani Tanga ugawaji ulianza mwaka 2004 kwa vidonge vya ivermektini na albendazoli.

Mguu wa matende ni somo tosha kuhusu kile ambacho limfu hukifanya kimyakimya kwa mtu mzima wa afya. Ni sababu pia ya tahadhari ambayo haisemwi vya kutosha: kiungo kilichovimba kwa matende hakifai kuchomwa sindano ya dawa inayotegemea kufyonzwa. Dawa itakaa humo bila uhakika wa lini itatoka, na tundu la sindano laweza kuwa mlango wa vijidudu.

Dalili nyingine ya njia hii huonekana kwa watoto. Mama ambaye mwanawe amechanjwa chanjo ya kifua kikuu katika bega la kulia huweza kugusa mtoki mdogo kwapani upande uleule majuma kadhaa baadaye. Chanjo imefuata limfu na kufika kwenye tezi, mahali ambapo askari wa mwili hukutana na adui na kumtambua.

Ni bahati njema kwamba kilicho kasoro kwa dawa ni faida kwa chanjo. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Tanzania ilianza kuwapa wasichana nchi nzima mwaka 2018, ni protini tupu zilizojikunja mfano wa kirusi bila kirusi chenyewe. Kila mpira wa protini hiyo una upana wa takriban nanomita 55, mkubwa mno kwa kapilari ya damu, lakini unaopita sawasawa kwenye mdomo wa limfu. Haikusudiwi kwenda kwenye damu. Inakusudiwa kufika kwenye tezi, nayo hufika.

Insulini: chembe sita zilizoshikana

Insulini ndiyo dawa ya protini inayochomwa na watu wengi kuliko zote nchini, na matumizi yake yanaongezeka. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Tanzania na Profesa Donald McLarty na wenzake, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa takriban asilimia 1 tu ya watu wazima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 9 kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Si wote wanaohitaji sindano, lakini wanaohitaji hawana mbadala.

Kwa uzito wake mdogo, insulini ingetarajiwa kuingia kwenye damu papo hapo. Haifanyi hivyo, na sababu yake inavutia. Ndani ya chupa, chembe za insulini hushikana sita sita zikizunguka madini ya zinki, na fungu hilo lina uzito wa takriban daltoni 36,000. Likishachomwa chini ya ngozi, huanza kuyeyuka na kuachana: sita huwa mbili mbili, kisha moja moja. Ni zile zilizoachana ndizo zinazopenya kwa urahisi katika kapilari ya damu.

Kazi hiyo ya kuachana huchukua muda, na ndiyo maana mgonjwa anayetumia insulini ya kawaida, ile iliyo angavu kama maji, huambiwa ajichome takriban nusu saa kabla ya kula. Nguvu yake hufikia kilele baada ya saa 2 hadi 4. Anayejichoma akiwa tayari amemaliza ugali hupata sukari inayopanda mapema, na insulini inayokuja nyuma yake kwa kuchelewa.

Mwaka 1996 ilianza kuuzwa insulini iliyobadilishwa kidogo ili chembe zake zisishikane sana, nayo huanza kazi ndani ya robo saa. Kwa upande mwingine, insulini yenye ukungu, iliyotengenezwa na Hans Christian Hagedorn na wenzake nchini Denmark mwaka 1946, imefungwa kwa makusudi na protini nyingine iitwayo protamini, ambayo asili yake ni mbegu za kiume za samaki. Hukaa chini ya ngozi kama ghala dogo na kutoka kidogo kidogo kwa nusu siku na zaidi. Kwa kuwa ukungu huo hutuama, chupa hubingirishwa taratibu viganjani kabla ya kuvuta dawa. Asiyefanya hivyo leo hujichoma maji, na kesho hujichoma dozi kali.

Wazo la ghala chini ya ngozi au ndani ya msuli si geni Mkwaja, ingawa liliingia kwa mlango wa mifugo. Ranchi ya Mkwaja, iliyoanzishwa na kampuni ya Amboni mwaka 1954 katikati ya nchi ya mbung'o, iliweza kufuga ng'ombe aina ya Boran kwa sababu waliishi kwa sindano. Dawa iitwayo isometamidiamu ilichomwa ndani ya msuli, ikashikamana na nyama za hapo, na kuachiwa polepole kwa miezi kadhaa ikiwakinga dhidi ya nagana. Ripoti ya mwaka 1985 ya kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo cha ILCA, Addis Ababa, ilieleza kwa takwimu jinsi kundi hilo lilivyozaa na kukua mahali ambapo ng'ombe bila dawa wangekufa.

Isometamidiamu si protini, na molekuli yake ni ndogo sana kuliko insulini. Kama ukubwa ungekuwa ndiyo sheria pekee, ingepotea katika damu siku hiyohiyo. Inakaa kwa sababu inang'ang'ania inapochomwa, jambo linaloonyesha kwamba kinachoshikana na dawa kina neno lake, kama protamini ilivyo na neno lake kwa insulini. Ranchi yenyewe ilifungwa mwaka 2000 na ardhi yake imekuwa sehemu ya Hifadhi ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005.

Tukirudi kwa binadamu, mahali pa kuchoma insulini pana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Tumboni hufyonzwa haraka zaidi, mkononi hufuata, pajani na matakoni hufyonzwa taratibu. Mwaka 1978 watafiti Veikko Koivisto na Philip Felig walionyesha kwamba mgonjwa aliyejichoma insulini mguuni kisha akafanya mazoezi ya mguu huo, dawa iliingia kwa kasi kubwa zaidi. Msuli unaofanya kazi huvuta damu nyingi, na damu nyingi huchukua dawa nyingi.

Kwa mkulima au mwendesha baiskeli, maana yake ni kwamba sindano ya pajani kabla ya safari ndefu inaweza kushusha sukari ghafla njiani. Joto na kusugua mahali palipochomwa hufanya vivyo hivyo, na jua la pwani halihitaji kuelezwa.

Kosa linaloonekana mara nyingi zaidi ni la kuchoma palepale kila siku kwa sababu pamezoea na hapaumi. Baada ya muda hutokea uvimbe laini wa mafuta. Hauna maumivu, lakini dawa inayochomwa humo hufyonzwa leo kidogo na kesho nyingi, na mgonjwa hulaumu chakula au hulaumu chupa. Inatakiwa kuhama angalau upana wa kidole kila sindano. Sindano ndefu nayo si bora: ngozi ya watu wengi wazima ina unene wa milimita 2 hivi, na sindano ya kalamu yenye milimita 4 hutosha. Inayozidi huweza kufika kwenye msuli, ambako insulini hunyonywa haraka bila mpango.

Kuhusu joto la chupa, habari ni nzuri kuliko ilivyodhaniwa zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na Chuo Kikuu cha Geneva pamoja na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka ulitumia vipimo vya joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya, ambako nyuzi zilipanda na kushuka kati ya 25 na 37. Insulini ilibaki na nguvu kwa majuma manne. Chungu cha maji kivulini bado kina nafasi yake katika nyumba isiyo na jokofu. Kinachoharibu ni jua la moja kwa moja, na kugandisha.

Protini kubwa na subira yake

Kati ya insulini na kingamwili ipo erithropoetini, dawa ya kuongeza damu inayotumiwa na wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu. Uzito wake ni takriban daltoni 30,000, na ikichomwa chini ya ngozi hufikia kilele baada ya saa 5 hadi 24. Daktari haoni tatizo katika ucheleweshaji huo, kwani uboho wa mifupa hauhitaji haraka.

Adalimumabi, kingamwili inayotumika kutibu baridi yabisi, ina daltoni 148,000. Sindano moja ya chini ya ngozi hufikia kilele chake katika damu baada ya takriban saa 131, yaani siku tano na nusu, na ni asilimia 64 tu ya dozi inayofika. Iliyobaki huharibiwa njiani, ama mahali pa sindano ama katika tezi za limfu, ambazo ni vituo vya ukaguzi visivyoruhusu kila mzigo.

Zipo dawa za aina hii zinazochanganywa na kimeng'enya kinachoyeyusha kwa muda ule uteute wa asidi ya haialuroni, ili ujazo mkubwa uweze kuingizwa chini ya ngozi kwa dakika chache. Njia hupanuliwa, lakini dawa bado husafiri kwa miguu.

Hapa ndipo suala la nyoka linapopata jibu lake.

Sumu na dawa yake hazisafiri sawa

Sumu ya nyoka nayo ni mchanganyiko wa protini zilizochomwa mwilini, kwa meno badala ya sindano, na hutii sheria zilezile. Sumu za koboko zinazolegeza misuli ni ndogo, nyingi zikiwa na daltoni 6,000 hadi 8,000. Karibu zinalingana na insulini, na husambaa haraka. Ndiyo maana aliyeumwa na koboko anaweza kushindwa kupumua ndani ya saa chache, pengine chini ya hapo. Sumu ya moma ina vimeng'enya vikubwa vya daltoni 20,000 hadi 100,000. Sehemu kubwa ya hivyo hubaki kwenye kiungo kilichoumwa, ikila nyama na kuvimbisha, huku ikisogea kwa limfu kuelekea kinenani au kwapani. Mtoki unaouma kinenani baada ya kuumwa mguuni ni ushahidi kwamba safari imeanza.

Kwa kuwa limfu husukumwa na misuli, aliyeumwa asitembee. Abebwe, na kiungo kifungwe kwenye ubao au fimbo kisicheze. Mwaka 1979 daktari wa Australia, Struan Sutherland, alieleza njia ya kufunga bandeji pana kuanzia vidoleni hadi juu ya kiungo, kwa mkazo wa kubana limfu bila kuzuia damu. Njia hiyo inafaa kwa nyoka wa jamii ya koboko na swila wanaodhuru mishipa ya fahamu. Kwa moma haishauriwi, kwani kiungo kinachovimba ndani ya bandeji huzidi kufa. Asiyejua ni nyoka gani azuie kiungo kisicheze na aondoke.

Kamba iliyokazwa juu ya jeraha huzuia damu yenyewe, na watu wamepoteza miguu kwa kamba hiyo, si kwa sumu. Kuchanja kwa wembe na kuweka jiwe la nyoka hakutoi sumu ambayo tayari imeingia katika uteute wa nyama.

Dawa ya sumu ya nyoka hutengenezwa kutokana na kingamwili, kwa kawaida za farasi aliyechomwa sumu kidogo kidogo. Ikiwa ni kingamwili kamili, ina daltoni 150,000. Ikiwa imekatwa na kubakizwa sehemu yenye mikono miwili, ina takriban 100,000. Vyovyote iwavyo ni kubwa mno kwa kapilari ya damu. Ikichomwa kwenye msuli wa tako, hungoja limfu, na mgonjwa aliyelazwa bila kucheza, kama alivyoagizwa, ndiye mwenye limfu inayokwenda polepole kuliko wote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa Afrika, wa mwaka 2010, uko wazi: dawa hii ipitishwe kwenye mshipa wa damu, ama kwa sindano ya polepole ama kwa dripu, kwa kuwa dozi ya msulini haifikii kamwe kiwango kile katika damu.

Kuichoma kuzunguka jeraha nako hakusaidii, ingawa akili ya kawaida huelekea huko. Utaratibu huo unafaa kwa kingamwili ya kichaa cha mbwa, ambayo huingizwa ndani na kandokando ya jeraha kwa sababu kirusi chake bado kipo hapo kikisubiri kuingia kwenye neva. Kwa nyoka, sumu inayoua ni ile iliyokwishaondoka.

Mtoto hupewa dozi sawa na mtu mzima. Nyoka hakupunguza sumu kwa kuwa aliyemuuma ni mdogo.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Ilikuwa baada ya pigo kubwa: kampuni ya Sanofi ilikuwa imeacha mwaka 2014 kutengeneza Fav-Afrique, moja ya dawa zilizotegemewa barani.

Kwa mkazi wa Mkwaja hesabu inabaki ya barabara. Dripu ya dawa hii haining'inizwi kila mahali, kwa kuwa protini ya farasi inaweza kuamsha mzio wa ghafla, na lazima adrenalini iwe imevutwa tayari kabla ya tone la kwanza. Kwa miaka mingi safari ya kwenda Pangani, na mbele zaidi hadi Hospitali ya Bombo mjini Tanga, ilimaanisha barabara ya vumbi na kungoja kivuko kati ya Bweni na Pangani. Saa zilizopotea hapo ni saa ambazo limfu iliendelea kupeleka mzigo wake.

Adrenalini, kwa upande wake, huchomwa kwenye msuli wa nje wa paja, miligramu 0.5 kwa mtu mzima. Si protini. Ni molekuli ndogo, paja lina damu tele, na dakika chache zinatosha.

Mgonjwa akishapata nafuu huomba kurudi nyumbani, na ndugu wenye palizi humuunga mkono. Hapo matabibu hukataa, nao wana hoja. Dawa iliyopitishwa kwenye mshipa huisafisha sumu iliyomo katika damu, lakini iliyobaki katika nyama za mguu huendelea kuvuja taratibu kwa njia ya limfu, na yaweza kufika wakati dawa imeanza kupungua. Ndiyo sababu hufuatiliwa kwa saa 24 na zaidi, muuguzi akirudi kila baada ya muda kuangalia kama fizi zinatoka damu tena, au kope za macho zimeanza kulegea upya.